Akodi tatu: je, wimbo mwepesi unachosha?

"Ni akodi tatu tu, inachosha." Neno hili linasikika mara nyingi mahali vijana wanapokusanyika na gitaa: Bukavu, Beni, Bunia, na vilevile katika viwanja ambako familia zilizokimbia vita zimesimamisha mahema. Mara nyingi gitaa lenyewe limetengenezwa kwa ubao na bidoni ya mafuta, na nyuzi zake ni waya za breki ya baiskeli. Mpigaji anazungusha sauti zile zile mpaka jua linatua. Wakubwa wanacheka. Waliosoma solfeji katika kwaya wanatikisa kichwa. Kijana mwenyewe anaanza kuamini kwamba alicho nacho ni muziki wa maskini, kitu cha kupitishia wakati akingoja muziki wa kweli.

Lawama hiyo ni ya zamani kuliko wale wanaoitoa leo. Lakini historia ya muziki wa Kongo haiko upande wao, na sehemu kubwa ya ushahidi inatoka Katanga, kwa mtu aliyeimba kwa Kiswahili.

Kwanza akodi zenyewe. Akodi ni sauti tatu ao zaidi zinazolia pamoja. Mtu wa kwaya anazijua hata kama hajawahi kuzipa jina: do-mi-sol ndiyo moja, fa-la-do ni nyingine, sol-si-re ni ya tatu. Wapiga gitaa wanaziita ya kwanza, ya nne na ya tano, kufuatana na ngazi ya solfeji ambapo kila moja inaanzia. Msikilizaji akiziandika hizo tatu kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, ataona jambo ambalo wenye kucheka hawalitazami: ndani yake mna do, re, mi, fa, sol, la na si. Noti zote saba zimo. Kwa hiyo mwenye akodi tatu anaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana za kanisa, za harusi na za kubembeleza mtoto, na kila sauti ya mwimbaji itapata pa kukaa.

Tena, muziki wa kuzunguka mahali pamoja haukuletwa Kongo na gitaa. Likembe ilikuwepo mbele yake: vipande vichache vya chuma juu ya kisanduku cha mbao, na vidole gumba viwili. Mpiga likembe anazunguka njia moja, anarudi alipoanzia, anazunguka tena. Anayemsikiliza hangoji njia mpya. Anangoja kidole kitakachochelewa kidogo, noti itakayoruka, neno litakaloongezwa. Gitaa lilipofika, kwa sehemu kupitia wafanyakazi wa Afrika ya Magharibi walioshukia bandari ya Matadi, lilikuta masikio yaliyozoea kusikiliza namna hiyo.

Kisha zikafika sahani za Kuba. Kuanzia mwaka wa 1933 kampuni moja ya Uingereza iliuza barani Afrika mfululizo wa sahani za gramafoni uliojulikana kwa herufi GV, na nyingi zilikuwa za muziki wa Kuba. El Manisero, wimbo wa mwenye kuuza karanga barabarani, ulivuma sana katika miaka hiyo. Unasimama karibu wote juu ya akodi mbili. Mbili, hata tatu hazifiki! Watu wa Léopoldville waliupokea kama ndugu aliyepotea akarudi, na kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa, kwa kuwa muziki wa Kuba ulikuwa umebeba ngoma za watu waliochukuliwa utumwani kutoka sehemu hizi za Kongo. Mwaka wa 2021, UNESCO ilipoandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa dunia kwa maombi ya Kinshasa na Brazzaville, habari hiyo ya kwenda na kurudi ilikuwa kati ya mambo yaliyotajwa sana.

Mwaka wa 1948 Mgiriki mmoja, Nicolas Jeronimidis, alifungua studio ya Ngoma mjini Léopoldville. Kati ya nyimbo za kwanza kutoka humo ni Marie-Louise, wa Wendo Kolosoy pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane. Ni wimbo mwepesi kabisa kwa akodi zake. Lakini watu walisimuliana kwamba ukipigwa saa sita ya usiku unaweza kuwafufua wafu, na uvumi huo ulimletea Wendo matata na watu wa kanisa. Wimbo unaochosha hauogopwi hivyo.

Tofauti na Léopoldville, yenye mto, studio na mabaa, Katanga ilikuwa na migodi. Kampuni ya Union Minière ilihitaji mikono, ikaichukua Kasai, Rwanda na Urundi, Rhodesia ya Kaskazini, Angola. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 iliacha kuwabadilisha watu kila baada ya miezi michache, ikawaweka na wake zao na watoto wao katika kambi za wafanyakazi. Jirani wa mkono wa kuume hakujua luga ya jirani wa mkono wa kushoto. Kila mmoja alikuwa ametoka kwao, na wengi hawakujua kama watarudi.

Katika kambi hizo Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu, si kile cha pwani bali Kiswahili kilichopunguzwa na kukunjwa mpaka kikaingia katika kinywa cha kila mtu. Wamisionari walikisikia, wakasema ni kibovu, wakafundisha shuleni Kiswahili bora. Lakini ni kwa kile kibovu watu walioana, walizikana, walidaiana madeni, walilea watoto. Atakayesema kwamba luga hiyo ilikuwa maskini kwa sababu ilianza na maneno machache, aulize basi ni jambo gani la maisha ambalo wazee wa Lubumbashi walishindwa kulisema kwa luga hiyo.

Akodi tatu zilifanya kazi hiyo hiyo upande wa muziki. Mluba wa Kasai, Mbemba na mtu wa Urundi hawakuwa na ngoma moja. Gitaa la bei ndogo na njia ya do, fa na sol viliwapa mahali pa kukutania. Kila mmoja aliweka juu yake sauti ya kwao.

Humo ndimo alimotokea Jean Bosco Mwenda. Alizaliwa mwaka wa 1930 Bunkeya, mji wa zamani wa mfalme Msiri, na alikuwa kijana wa Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta huko na kunasa nyimbo zake. Kati ya hizo kuna Masanga. Sahani za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kila upande, kwa hiyo mpigaji alipaswa kusema yote haraka.

Mtu wa leo akisikiliza Masanga mara ya kwanza huuliza ni magitaa mangapi yanayopigwa. Ni moja. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume, gumba na cha shahada. Gumba linatembea chini kama mtu anayerudi kazini, hatua sawasawa. Kidole cha shahada kiko juu, kinaimba, kinaingia kati ya hatua za gumba, mara mbele kidogo, mara nyuma kidogo, mpaka sikio linashindwa kusema mwanzo wa mzunguko ni wapi. Ukiondoa hayo yote, ukitazama kilicho chini, unakuta akodi zile zile ambazo kijana wa bidoni anazijua. David Rycroft, mtaalamu wa muziki wa Afrika aliyefundisha London, aliandika juu ya gitaa la Bosco makala ndefu yenye sehemu mbili, zilizotoka mwaka wa 1961 na wa 1962, akifuata kwa noti jinsi mpigaji huyo alivyokuwa akibadilisha alichopiga. Kurasa hizo zote juu ya mtu ambaye, kwa hesabu ya wenye kucheka, alikuwa na "akodi tatu tu".

Sauti yake haikubaki Katanga. Mwisho wa miaka ya 1950 Bosco alifika Nairobi, kama vile ndugu yake Edouard Masengo, na vijana wa Kenya wakakaa karibu na redio wakijaribu kukamata vidole vyao. Mwaka wa 1969 alialikwa Newport, Marekani, penye tamasha kubwa la muziki wa kienyeji. Alifariki mwaka wa 1990. Mpaka leo kuna watu Ulaya wenye magitaa ya pesa nyingi wanaotumia miezi kujifunza Masanga na hawaifikishi. Akodi wanaziweza siku ya kwanza. Kinachowashinda ni gumba.

Hapo ndipo jibu linapoanza kuonekana. Sikio la mtu likijua mapema sauti inakwenda wapi, linaacha kuangalia sauti hiyo, kama mguu unavyoacha kuangalia njia ya nyumbani. Linakuwa huru kuangalia mengine: mwendo, maneno, namna mwimbaji anavyovuta pumzi. Kama mengine hayo yapo, mtu anakaa. Kama hayapo, anaondoka, na anapoondoka anailaumu njia, kwa sababu njia ndiyo kitu kimoja alichokiona.

Mfano wa wimbo uliohitaji njia rahisi ni Indépendance Cha Cha. Mwezi wa 1 mwaka wa 1960 viongozi wa Kongo walikuwa Bruxelles katika mkutano wa Meza ya Mviringo, na Joseph Kabasele, Grand Kallé, alikuwa huko na African Jazz, pamoja na Docteur Nico kwenye gitaa la solo. Tarehe ya uhuru, 30 mwezi wa 6, ilipokubaliwa, wimbo ukazaliwa palepale. Ndani yake mna majina: vyama, wakubwa wa vyama, waliokuwa wakigombana asubuhi na kukubaliana jioni. Chini ya majina hayo akodi tatu zinazunguka. Wimbo huo ulipaswa kuimbwa na mtu wa Kisangani, wa Kindu ao wa Uvira aliyeusikia mara moja tu kwenye redio ya jirani. Njia yenye kona nyingi ingemwacha nyuma. Nyuma ya majina, gitaa la Nico linafanya mambo ambayo wapiga solo wanayarudilia mpaka leo. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na wimbo huo ulichezwa hata katika nchi ambazo hazikujua Lumumba na Kasa-Vubu walikuwa wakibishana nini.

Baadaye watu wa Kongo walifanya jambo ambalo mwalimu wa solfeji angeliona kichaa: wakachukua sehemu yenye akodi chache kupita zote, wakaifanya ndefu kupita zote. Hiyo ndiyo sebene. Wimbo unaanza polepole, mwimbaji analalamika juu ya mapenzi ao deni, kisha waimbaji wananyamaza na magitaa yanashika mzunguko mmoja, mara nyingi do, fa, sol, fa, na hawauachi. Solo inaimba juu. Akompa inakata chini. Kati yao likaongezwa gitaa la misolo, linalojaza mashimo yaliyoachwa na yale mengine mawili. Kila mmoja anapiga kidogo. Ukimsikiliza mmoja peke yake unaweza kusinzia. Yakiingiliana, hakuna anayebaki kwenye kiti.

Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa Kinshasa mwisho wa mwaka wa 1969, ilitupa matarumbeta na kuacha magitaa, ngoma na sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaongezwa atalaku, mwenye kupaza sauti na kutaja majina juu ya sebene. Wazee walisema ni kelele. Lakini kila kizazi kilipopokea mzunguko ule ule kiligusa kitu kingine: vidole, kisha idadi ya magitaa, kisha ngoma, kisha kelele yenyewe. Njia ya chini karibu haikuguswa kwa miaka 40.

Ni haki kusema pia kwamba zipo nyimbo za akodi tatu zinazochosha sana, na Kongo imezitoa nyingi. Wenye umri wanakumbuka animation ya miaka ya 1970 na 1980, wakati wafanyakazi na wanafunzi walipopangwa mistari kumwimbia na kumchezea Mobutu na chama cha MPR. Mizunguko ilikuwa mifupi, ngoma zilikuwa nzuri, wachezaji walijua kazi. Mtu alichoka hata hivyo, kwa sababu alijua neno litakalofuata na hakuwa na ruhusa ya kubadilisha hata moja.

Franco Luambo anasaidia kupima jambo hili, maana alifanya yote mawili. Mwaka wa 1984 alitoa na T.P. OK Jazz wimbo mrefu wa kumsifu Mobutu, mgombea peke yake katika uchaguzi wa mwaka ule. Mwaka wa 1985 akatoa Mario, habari ya kijana mwenye masomo anayelishwa na mama mwenye mali na hataki kutafuta kazi. Muda kati ya nyimbo hizo mbili ni mwaka mmoja tu. Orkestra ni ile ile, mkono wa gitaa ni ule ule, na zote mbili zinarudia mzunguko kwa dakika nyingi. Wa kwanza haupigwi harusini. Mario unapigwa kila Jumamosi, mpaka na watoto waliozaliwa baada ya kifo cha Franco mwaka wa 1989, kwa sababu katika kila mtaa kuna Mario, na msikilizaji anangoja kuona Franco na Madilu watamsema nini tena. Mzunguko unampa Franco nafasi ya kuzungumza kama mtu aliyeketi barazani: anasema, ananyamaza, gitaa linajibu, anakumbuka jingine.

Kwa hiyo anayemlaumu kijana wa bidoni angefanya vizuri kusikiliza zaidi kabla ya kuhesabu akodi. Je, gumba lake linatembea sawasawa? Je, anabadilisha kitu mzunguko ukirudi, ao anarudia kama mashine? Maneno anayoimba ni ya kwake, ao ameyachukua yote kwa mtu wa Kinshasa ambaye hajawahi kulala chini ya hema? Kama lawama iko hapo, ni lawama ya haki na inaweza kumsaidia. Kinanda cha umeme chenye ngoma iliyotiwa ndani tayari, kinachosikika sasa katika makanisa mengi, kina akodi kumi na mbili na kuzidi kwa kubonyeza kidole kimoja, na watu wanasinzia vilevile.

Lingine linajulikana na kila mtu aliyepiga muziki akiwa mbali na kwao. Vita inavunja makundi. Mwenye solo amekwenda Uganda, mwenye bas amebaki kijijini, mwimbaji hajulikani aliko. Wimbo uliopangwa kwa kona nyingi unakufa pamoja na kundi lililoujua. Wimbo wa mzunguko unapokea watu wapya. Jioni, penye mahema, mtu aliyefika jana kutoka Masisi anasimama pembeni na kusikiliza. Mzunguko wa kwanza unapita, wa pili unapita. Katika wa tatu ameshika bati ao chupa, na ameona shimo la kuingilia. Hakuna aliyemuuliza jina lake bado.